Shamba la Bigwa na Minazi Miwili

Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa nililinusa titi kwanza kabla ya kunyonya. Sijui kama alikuwa akitania. Ninachojua ni kwamba maisha yangu yote sijapokea kitu bila kujiuliza aliyenipa anataka nini, na mara nyingi nilikuwa na haki ya kujiuliza. Hapa nitasimulia mara moja ambayo sikuwa na haki.

Ilikuwa zamani za Wajerumani, reli ilipopita Morogoro ikaendelea kuelekea Kilosa. Nilikuwa kibarua wa reli, mtu wa Mrima, niliyetoka pwani nikichimba na kujaza udongo mpaka chini ya milima ya Uluguru, na hapo Morogoro nikaoa. Mke wangu alikuwa Mluguru wa milimani. Tulikuwa na watoto wawili, msichana wa miaka mitano hivi na mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Tulikaa kambini karibu na stesheni, kwenye kibanda cha nyasi kilichovuja kona zote isipokuwa moja, na kona hiyo ndiyo tuliyowalaza watoto.

Asubuhi moja nyapara alipita akigonga vibanda kwa fimbo. Kambi inavunjwa, akasema. Anayetaka kazi afuate reli, asiyetaka atafute pa kwenda, na mwezi ukiisha asimkute mtu hapa.

Kufuata reli sikutaka. Nilikuwa nimesaidia kuzika watoto wa wenzangu kando ya reli, kisha siku ya pili kambi ikahama na kaburi likabaki peke yake. Wangu nilitaka wakae mahali pamoja, penye maji safi na majirani, na wakue wakijua baba yao ni nani. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima raha kuliko yote.

Kwetu mtoto ni wa baba. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Ardhi nayo hufuata njia hiyo hiyo, ni ya ukoo, na mwanamume aliyeoa hapo hulima kama mgeni mwenye heshima zake. Niliyajua haya baada ya kuoa, siyo kabla, nikajiuliza kwa nini hakuna aliyeniambia mapema.

Sasa tuwaze pa kwenda. Kaka yangu wa pwani alinitumia salamu kwa mtu wa treni kwamba nyumba ya marehemu baba inatungoja, nije na familia. Kaka yangu huyu hakuwahi kunipa hata kata ya maji bila kuitazama ikirudi. Nikamhoji yule mleta salamu polepole, nikamnunulia uji, mpaka akasema kwamba akida wa kule alikuwa anadai mtu mmoja kutoka kila nyumba apelekwe kwenye mashamba ya Wazungu, na kaka yangu ana wana wawili watu wazima. Basi nikaelewa ni nani aliyekuwa akingojwa na nyumba ile. Pwani nikaifuta.

Misheni ya milimani walikuwa wakigawa viwanja kwa wenye watoto wadogo. Mke wangu alitaka tukatazame. Nikamuuliza, kwa nini wenye watoto wadogo, kwa nini siyo wenye mikono ya kulima? Sikwenda.

Ikabaki kwao mke wangu, juu kabisa, saa nne za kupanda mlima. Ndugu yake, yaani shemeji yangu, alikuwa akishuka kila baada ya wiki mbili na kikapu cha maharage. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyesema sana, na watu wasiosema sana ndio ninaowaogopa. Akifika hukaa kizingitini, humpakata mvulana, humshika kichwa, humtazama macho na ulimi. Humuuliza msichana kama anakula. Hunitazama mimi akauliza maji tunachota wapi. Nilikuwa nikimjibu kwa adabu, shemeji hivi, shemeji vile, na moyoni nikisema huyu anakagua mali yake.

Jioni zile tulikuwa tukigombana kwa sauti ya chini, mke wangu na mimi.

"Anawataka watoto," nilimwambia. "Tukipanda kule hatutashuka nao tena. Atawachukua, mimi nitabaki wa kuchanja kuni."

"Anawapenda tu, baba watoto."

"Mtu hapendi kila wiki mbili na kikapu."

Akanyamaza. Mke wangu alikuwa na namna ya kunyamaza ambayo nayo niliitilia shaka.

Zikiwa zimebaki siku chache, kibarua mwenzangu mmoja, Mluguru pia, akaniambia kwamba kuna bibi mmoja Bigwa, pale chini ya mlima, ana shamba limelala. Anatafuta mtu mwenye familia wa kulilima. Machale yakanicheza, maana wiki ile ile nilimwona mwenzangu huyo sokoni akizungumza na shemeji yangu, vichwa vimekaribiana. Lakini nilipouliza akasema walikuwa wakiulizana bei ya chumvi, na shamba la Bigwa halikuwa la ukoo wa mke wangu. Hilo ndilo lililonivuta. Si kwa kaka yangu, si kwa padri, si kwa shemeji. Nikajiona mjanja.

Tulikwenda. Bibi alikuwa mfupi, jicho moja lina utando, na jembe lake lilikuwa limelika mpaka limebaki kama kijiko. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akatutembeza mpaka kijito cha maji baridi yanayotoka mlimani. Watoto wakaingia miguu, wakacheka. Bibi akasema pale tungejenga, na pale pana rutuba.

"Nikupe nini, bibi?" nikauliza.

"Ukivuna utaniletea ngoto," akasema, yaani ile zawadi ndogo ya mazao ambayo mgeni humpa mwenye ardhi. "Lima mahindi, lima mtama, mihogo, maharage, unachotaka. Miti usipande."

"Kwa nini miti nisipande?"

Akanitazama kwa lile jicho zima. "Kwa sababu siyo desturi," akasema, akageuka kumwonyesha mke wangu mboga za majani.

Mke wangu angeweza kunieleza, na nadhani alijaribu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuelewa kwa kichwa changu mwenyewe. Huyu bibi, nikasema, anataka nimfyekee pori, nimng'olee visiki, kisha msimu wa pili anifukuze. Mtu anayekutaka ukae atakukataza mti kwa nini? Kwetu mti ni wa aliyepanda na ardhi ni ya mwenyewe, vitu viwili mbalimbali, na mtoto akizaliwa baba yake humpandia mnazi ili hapo alipo pawe na kitu chake. Wangu walikuwa wamezaliwa kambini, hawakupandiwa chochote. Niliona uchungu wa kweli juu ya jambo hilo, haukuwa ujanja tu.

Tulijenga, tukalima. Mvua za kwanza zilipotulia, mtu wa treni aliniletea miche miwili ya minazi kutoka pwani, imefungwa kwenye gunia. Nikaipanda nyuma ya mihogo, mahali ambapo mtu wa njiani haoni, alfajiri, mke wangu akiwa mtoni. Mmoja wa msichana, mmoja wa mvulana. Nikaizungushia miiba. Mke wangu alipoiona alisimama akashika kiuno.

"Ing'oe," akasema.

"Nani atajua?"

"Ing'oe, baba watoto. Hujui unachofanya."

"Najua sana. Siku wakija kutufukuza nitawaonyesha kitu cha wanangu."

Niliona jinsi alivyonitazama, nikadhani ni woga wa kike tu. Miezi ile ilikuwa mizuri kuliko yote tuliyowahi kuishi. Mvulana alikimbia. Homa za kambini ziliisha. Bibi alikuwa akija na ndizi, msichana akimfuata nyuma kama kifaranga, nami nilikuwa nikizihesabu ndizi zile na kungoja siku atakapotaja anachotaka.

Siku moja alikuja kuchuma kisamvu, mimi nikiwa palepale napalilia. Akazunguka upande wa nyuma kabla sijamkinga. Nikamsikia amesimama.

"Hii ni nini, baba?"

"Minazi, bibi. Ya watoto tu."

"Ya watoto," akasema. Akayaacha yale majani aliyokwisha kuchuma juu ya jiwe, akaenda zake.

Baada ya siku tatu walikuja wazee wanne wa ukoo wake, nao wakakaa uani kwangu. Shemeji yangu alikuwa pamoja nao. Roho yangu ikasema, umeona? Alikuwemo tangu mwanzo. Nilijisikia karibu kufurahi, kama mtu aliyemkamata mwizi baada ya kumvizia sana.

Mzee wa ukoo akazungumza bila hasira. "Mgeni, tulikupa shamba. Mahindi ni ya msimu, yakiisha ardhi inabaki yetu. Mti hauishi. Anayepanda mti hapa anasema ardhi hii ni yangu na ya wanangu. Sisi tutakufa, wewe utakufa, watoto wako watasimama chini ya minazi hii waseme baba yetu alipanda. Wajukuu wetu watawajibu nini?"

"Sikujua," nikasema. "Kwetu siyo hivyo. Nitaing'oa sasa hivi."

"Uliambiwa. Ungeipanda mbele ya mlango tungesema ni mgeni, hajui. Uliificha nyuma ya mihogo ukaizungushia miiba. Mtu hafichi asichokijua."

Kisha akamgeukia shemeji yangu, na hapo ndipo sauti yake ilipokuwa kali.

"Wewe ndiye uliyekuja hapa na kuku na jembe jipya. Ukatuomba. Ukasema shemeji yako ni mtu wa pwani, ukimpandisha kwenu atajiona mgeni mbele ya watoto wake, ukasema ni heri akae chini huku kwa watu wasiomhusu, awe na mlango wake. Ukamtuma mtu akamwambie ili asijue ni wewe. Tukakubali kwa ajili ya neno lako. Neno lako liko wapi?"

Shemeji yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mtu mzima, mwenye watoto, anakaripiwa mbele yangu kwa kosa langu, wala hakunitazama hata mara moja. "Nimekosa, wazee wangu," akasema. "Nisameheni."

Nilitamani aniangalie kwa chuki, ningejua la kufanya na chuki. Nilimtazama mke wangu mlangoni, nikaona kwamba alijua siku zote. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia ni yeye, ungekubali kuja?" Nisingekubali, na wote wawili tulilijua hilo.

Wakatuacha tuvune, kisha tuondoke. Bibi hakuja tena. Nilimpelekea ngoto yake, akaipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akaitikia shikamoo yangu, akaingia ndani.

Hapakuwa na pa kwenda tena ila juu. Shemeji yangu ndiye aliyesema, tena kwa kuniomba, kama vile mimi ndiye ningemfanyia wema. Alishuka kutuchukua. Mimi nilimbeba mvulana na mkeka, mke wangu kikapu cha vyombo kichwani. Njia ya Uluguru inapanda wima baada ya kijito cha kwanza, na msichana alichoka mapema, akaanza kukaa chini kila hatua kumi.

Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno. Tukifika juu ningemwita kando nimwombe radhi, mimi na yeye tu, pasipo wanawake. Nilikuwa nikiyarudia moyoni huku tukipanda, na yalikuwa maneno mazuri.

Shemeji yangu akachuchumaa mbele ya msichana, akampa mgongo. "Panda, mama," akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, mama. "Njia ni ndefu."

Mtoto akarudi nyuma, akashika nguo yangu.

"Sitaki," akasema. "Baba amesema unataka kutuchukua."

Zile jioni za kambini tulikuwa tukidhani amelala.

Mjomba wake alibaki amechuchumaa vile vile, mgongo wake umetuelekea, mikono imeachwa nyuma tayari kumpokea. Mke wangu alitazama pembeni. Maneno yangu mazuri niliyatafuta yote, sikupata hata moja. Mwishowe shemeji akasimama, akakung'uta magoti, akampokea dada yake kikapu, akatangulia.

Tuliishi kwake miaka mingi. Alitupa shamba, akamlea mvulana kama wake, akasimama nami katika mambo yangu yote. Radhi nilimwomba siku ile ile tulipofika, naye alinisamehe kabla sijamaliza. Lakini binti yangu, mpaka alipoolewa, hakuwahi kupokea kitu mkononi mwa mjomba wake bila kunitazama mimi kwanza.