Beringi Mfukoni mwa Mtani

Tangu siku ile pikapu yetu haijakataa gia hata mara moja. Ukikanyaga klachi inashuka laini kama umekanyaga uji, na gia ya kwanza inaingia kabla hujaifikiria. Kila anayeiendesha anamsifu fundi. Mimi nacheka, maana kucheka ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Nilicheka hata kwenye masomo ya jioni, nilikomalizia kidato cha nne nikiwa na ndevu za kutosha kusukia mkeka. Ila kicheko cha pikapu ni kichungu, nakimeza kama kwinini.

Ilianza na simu kutoka kijijini Ziba, ng'ambo ya Nzega. Mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, hali yake ilikuwa mbaya. Hakutaka dawa wala uji, alimtaka dada yake. Mama alikuwa kwetu Chemchem, Tabora mjini, na mguu wake mmoja haukunjiki tangu alipoanguka kisimani. Kwenye basi hawezi kukaa. Safari zake zote ni kiti cha mbele cha pikapu, kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, na mguu umenyooshwa kama boriti. Magari ya kukodi tuliyoyajua yalikuwa yamekwenda mnadani yote. Na pikapu yenyewe, dizeli kongwe ambayo nadhani Nuhu aliikataa kwenye safina kwa sababu ya moshi, ilikuwa imeunguza klachi juzi yake kwa kuzidishiwa magunia ya mpunga. Ili kuifikia klachi, lazima giaboksi ishushwe.

Fundi wetu ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani. Sisi Wanyamwezi tumetaniana na Wazaramo tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku Tabora mpaka pwani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, hata kukuzuilia kaburi msibani mpaka umpe chochote. Nawe unaruhusiwa kumfanyia yote hayo. Kinachokatazwa ni kimoja tu, kumkasirikia.

Alifika asubuhi akamkuta mama ameshakaa uani, kanga mpya, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mtani wangu mzuri."

"Marahaba. Leo ufanye kazi. Nyie Wazaramo mkisikia ngoma mnamwacha mgonjwa kitandani."

"Ngoma ya leo ndiyo hii, mama," akasema, akaligonga tumbo la gari kwa spana.

Tulifungua propela, lile bomba linalozungusha magurudumu ya nyuma, tukachomoa mti wa gia, tukalaza gogo la mninga ndani ya gari kutoka mlango huu mpaka ule. Kamba ikateremshwa kwenye tundu la mti wa gia na kuifunga giaboksi iliyokuwa chini. Mimi na kaka yangu tulikaa ndani tukiishikilia, fundi akalala chini akifungua bolti za mwisho. Giaboksi ile ilikuwa na uzito wa ndama aliyeshiba, na mama yake ndama juu.

"Shikeni, wapagazi!" alipiga kelele kutoka chini. "Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu, nyie chuma kimoja kinawatoa machozi?"

"Babu zako walikuwa wamelala wakisubiri tuwaletee!" kaka akamjibu.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nakikumbuka kicheko hicho, kwa sababu baada yake sikusikia kingine kwa muda mrefu.

Giaboksi ikashuka. Fundi akang'oa klachi iliyoungua, akafunga mpya, akajifuta mikono.

"Naenda sokoni kufuata oili. Nisubirini, msipandishe. Nikirudi nina neno na nyie." Akapigapiga mfuko wa shati, akaondoka na kicheko chake, kile ambacho upepo ukiwa mzuri kinasikika Urambo. Tulidhani mfukoni mna sigara.

Tukamsubiri. Chai ikapoa, jua likapanda, fundi hajatokea. Baadaye tulikuja kujua kwamba alikuwa amekutana na mteja aliyeharibikiwa barabarani. Simu ikalia, kaka akaiweka spika ili mama asikie. Alikuwa binamu yetu wa Ziba.

"Anamwita dada yake. Kila akifumbua macho anauliza kama gari limefika. Fanyeni haraka."

Mama hakulia. Alitutazama, akatazama giaboksi iliyolala kwenye gunia.

"Pandisheni," akasema.

Kaka aliita majirani wawili. Tukaivuta kwa gogo na kamba, kaka akiielekeza kutoka chini, nayo ikaingia bila ubishi, kama mkono kwenye mfuko wa kanzu. Tukakaza bolti, tukarudisha propela, oili ya zamani tukaichuja kwa kipande cha kanga na kuimimina tena. Kaka akawasha, akakanyaga klachi, akatia gia. Pikapu ikanguruma kwa ndani kama fisi aliyekanyagwa mkia. Gia ikagoma. Akajaribu tena, ikasaga meno.

Hapo ndipo mtani alipotokea getini, galoni ya oili mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa juu, na kati ya vidole viwili ameshika beringi ndogo, kama pete ya bibi harusi.

"Wanyamwezi! Hii ndiyo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi huko ndani. Nimefunga klachi bila kuiweka, na wajanja wote mnatazama! Leteni jogoo niwape!"

Kisha akaiona giaboksi ikiwa juu. Kicheko hakikumtoka mara moja usoni. Kilichelewa kuondoka, kama mgeni asiyejua kwamba chakula kimekwisha.

"Niliwaambia msipandishe," akasema kwa sauti ya chini.

Kaka alikuwa na spana mkononi, na niliona vidole vyake vikiwa vyeupe. Lakini mtani ni mtani. Ungemwambia nini? Utani wake ulikuwa halali, na kama angewahi kurudi, tungemchinjia jogoo huyo tukacheka mwaka mzima. Nikacheka. Kicheko kilitoka kama kikohozi.

Mama alikuwa anautazama mkoba wake.

"Shusheni," akasema.

Tukaishusha mara ya pili. Safari hii hakuna aliyemtaja babu wa mtu. Fundi alifungua klachi, akaigonga beringi taratibu mpaka ikakaa, akafunga upya, jasho likimdondoka kwenye kope. Alasiri ndipo tulipokaza bolti ya mwisho. Tulipowasha, gia iliingia kama inaomba msamaha. Tulipotoka, fundi aliruka nyuma kwenye bodi na vifaa vyake. Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza.

Tulikuwa Nzega jua likizama simu ilipolia. Kaka alisikiliza, akazima injini.

"Amekwisha?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Alinisubiri mpaka saa ngapi?"

Kaka alitazama usukani. "Mpaka alasiri."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukirudisha dukani.

Msibani Ziba watu walimshangilia Mzaramo wetu. Mtani wa pwani amekuja mwenyewe, heshima iliyoje! Walimngoja alale kaburini, awatukane wafiwa, azuie kazi mpaka apewe chake. Yeye alikaa kwenye kona ameinamisha kichwa. Kisha nikamwona mama anakuja akiburuta mguu, amemshika jogoo mwekundu miguu juu.

"Mtani, mbona kimya? Jogoo wako huyu."

"Mama, naomba usinipe."

"Si uliomba jogoo? Chukua. Ukikataa, watu watauliza kuna nini."

Watu wakadhani ndiyo utani umeanza. Wakapiga vigelegele, wakapiga makofi. Fundi akampokea jogoo kwa mikono miwili, akasimama, akaanza kazi yake. Aliwatukana Wanyamwezi mpaka wenye uchungu wakashika matumbo, na sauti yake ilipopasuka katikati, walicheka zaidi, wakisema anaigiza kulia vizuri. Nami nilicheka, kwa sauti kuliko wote. Mama peke yake hakucheka.

Jogoo yule hajachinjwa mpaka leo. Nikipita gereji namwona, mnene kama kondoo, anatembea juu ya giaboksi za watu. Mtani anatoka chini ya gari, anajifuta mikono. Haniiti mpagazi tena, wala haninyang'anyi kofia.

"Habari za leo, kaka," ananiambia, kama anavyomwambia mteja yeyote.

"Nzuri," namjibu, napita.