Marlys na Mawe Mawili Meupe

Marlys Engebretson alisomea maigizo, na maigizo aliyaweza. Ukimwambia tu "Lia," machozi haya hapa, ya kweli kabisa. Lakini chuo chetu kule Minnesota kilikuwa na sheria yake: uwe wa muziki, uwe wa dini, hupati shahada bila somo moja la sayansi lenye maabara. Miaka mitatu Marlys aliipiga chenga sheria hiyo. Mwaka wa mwisho ikambana, akachagua somo la mawe.

"Mbona mawe?" nikamuuliza. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja.

"Shoga, jiwe halina damu, halina hesabu. Limekaa tu, na mimi nitakaa tu."

Thubutu! Jiwe lina ugumu wake na mng'ao wake, na mengine unayatambua kwa kuyalamba. Ndiyo, kuyalamba. Profesa Dahlquist, mzee mzima na ndevu zake, alilamba jiwe mbele ya darasa bila haya.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mikono. Mawe yamepangwa mezani, unaingia peke yako, unayataja yote. Ukikosa moja, umeanguka. Na bibi yake Marlys, Ardis, mfugaji wa ng'ombe, alikuwa ameshapiga simu.

"Nimeshawaambia kanisa zima kwamba unahitimu. Kina mama wameshagawana nani apike viazi, nani alete keki. Usinitie aibu, mjukuu wangu."

Marlys alikata simu akalia, na safari hii hakuna aliyemwambia lia.

Siku yenyewe aliingia baada ya Torvald, mcheza mpira. Mimi, niliyejiandikisha somo hilo pamoja naye, nilikuwa nafuata, kwa hiyo nilichungulia mlangoni. Akayataja mawe yote, yakabaki mawili meupe, madogo kama karanga, yamefanana kama mapacha. Moja ni chumvi ya mwamba, jingine siyo. Akalamba la kwanza: chumvi. Akalamba la pili: chumvi!

"Profesa, Torvald ameyalamba haya."

"Kila mwaka yanalambwa."

"Ala! Sasa nitajuaje kama naonja jiwe au naonja Torvald?"

Mzee akaacha kusahihisha karatasi. "Hilo, binti yangu, ni juu yako."

Marlys akaitazama birika ya maji ya chai ya profesa iliyokuwa ikichemka pembeni. Akamimina maji ya moto kwenye glasi mbili, akatia jiwe moja moja, ayaoshe. Akakoroga kwa hasira, akimlaani Torvald na ukoo wake. Glasi moja ikawa inagonga, ngo, ngo. Nyingine ikanyamaza. Akachungulia ndani.

"Mungu wangu! Nimelimaliza!"

Jiwe la chuo, tena mtihanini! Profesa akaja taratibu, akachovya kidole kwenye ile glasi iliyonyamaza, akakilamba.

"Chumvi iko wapi?" akauliza.

"Imo humo," Marlys akanong'ona.

"Imo kweli. Wenzako wote waliotangulia wamelamba wakabahatisha. Wewe hukuuamini hata ulimi wako, ukajaribu. Somo zima ni hilo tu. Umefaulu. Sasa toka, kabla hujaniosha na mimi."

Alitoka mbio akanipita hata hakuniona, simu sikioni.

"Bibi! Wapike hivyo viazi! Ila chumvi wapunguze, mimi yangu nimeshakula."