Gogo Alilotupiwa Fakihi

Anselmo, mchonga vinyago wa Temeke, alishinda mbio za klabu ya mtaani kwao kila sikukuu, lakini maji yakimfika magotini alitetemeka. Watu walimcheka: mwanamume mzima, mwenye miguu ile, anaoga ufukweni kwa kopo! Naye alicheka nao, maana kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Kisa kilijulikana, ila nusu tu. Yeye na mwenzake Fakihi, mchongaji kama yeye, walikuwa wakivusha magogo ya mpingo kwa mtumbwi pale Mtoni. Mtumbwi ukayumba, Fakihi akatumbukia, na wakati huo hakuna kati yao aliyejua kuogelea. Anselmo akamtupia gogo. Fakihi akalikumbatia, akazama nalo, mpaka wavuvi wakamtoa nusu maiti.

Alipopona, Fakihi akawa anamsifu Anselmo kila barazani, kwamba mwenzake huyu hakumwacha, alimtupia gogo. Hakutaja la mti gani, wala hakuna aliyeuliza. Lakini mpingo hauelei, na mchonga mpingo asiyelijua hilo bado hajazaliwa. Anselmo alijiambia kuwa mkono ulikosea kwa kiwewe. Uongo mtupu. Kasia lilikuwa mkononi mwake siku ile, na hakulinyoosha kwa sababu aliogopa Fakihi angemvuta naye majini. Dhambi hiyo alilala nayo, akaamka nayo.

Fakihi akajifunza kuogelea. Klabu ilipoongeza shindano la kuogelea hadi ng'ambo sikukuu ya Pasaka, ni yeye aliyempeleka Anselmo kuandikishwa. Anselmo angekataa vipi? Kumkatalia mtu uliyemtenda vile kunahitaji uso mkavu, na yeye hakuwa nao. Miezi kadhaa Fakihi akamfundisha, akimshikilia tumbo kwa viganja ili asizame, na Anselmo juu ya viganja vile alitamani kulia.

Siku ikafika. Kila mwogeleaji alifuatwa na mtumbwi wa mtu wake wa karibu, na wa Anselmo ulikuwa na Fakihi, na masharti yalikuwa wazi: ukishika chochote, umetoka. Anselmo alianza vizuri. Katikati, maji yakawa meusi na baridi, pumzi ikakatika, akameza funda zima la maji ya chumvi na kumwita Fakihi.

Fakihi akasogeza mtumbwi, akamnyooshea kasia. Alisema taratibu, bila hasira yoyote.

"Shika kasia, ndugu yangu. Gogo nilishalishika mie."

Kumbe alijua. Alijua tangu siku ile, na sifa zote zile za barazani alizitoa akijua. Aibu ilimjaa Anselmo hata hofu ikakosa pa kukaa. Kasia lile alilitazama, akashindwa kulishika. Akalaza uso majini, akapiga mkono mmoja, kisha mwingine, mpaka mchanga ukamgusa tumbo. Alikuwa wa mwisho.

Watu wakampigia makofi. Fakihi akateremka, akamfunika shuka mabegani, akaanza kuwasimulia wale wa ng'ambo jinsi mtu huyu alivyomtupia gogo. Kisha akamwambia apande mtumbwi, warudi nyumbani.

Anselmo aliuangalia ule mtumbwi wa kukaa watu wawili, wakitazamana. Akavua shuka, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kasia. Kisha akaingia majini na kuogelea kurudi Temeke, huku Fakihi akimfuata nyuma polepole.