Njia Niliyoiandika kwa Mbuzi Wawili

Niseme mapema ili tusidanganyane: mimi si mtu wa mbio. Mimi ni mtu wa kiti. Nina kiti changu cha plastiki mlangoni mwa duka letu la zipu, vifungo na nyuzi za cherehani, Kariakoo, na nimekikalia miaka mingi mpaka kimeshika umbo langu. Mgeni akikikalia anainuka analalamika mgongo. Nyumbani ni Ilala, hatua chache tu. Magomeni naenda kwa msiba, na msiba wenyewe uwe wa karibu. Safari yangu ya kila siku ni kutoka kivuli cha asubuhi kuhamia kivuli cha mchana, upande wa pili wa mlango.

Kitu kimoja najivunia, na hapo sitanii: kuelekeza watu. Mtu akishuka Kariakoo katokea Songea au Lindi, anatafuta shanga, turubai au masufuria ya shughuli, majirani wa maduka humleta kwangu. Simtajii jina la mtaa. Namwambia: nyoosha mpaka kwa mama wa mihogo, kata kushoto kwake, utamkuta baba wa kahawa na birika lake, mpe mgongo, tembea mpaka kwenye mikokoteni mitatu iliyoegeshwa. Anafika. Miaka yote sijawahi kurudishiwa mtu. Na ipo sababu. Kwetu jengo si alama. Jengo unaliacha lina paa la bati, ukirudi kutoka msibani limezungushiwa mabati, halafu likiibuka ni ghorofa la vioo. Lakini mama wa mihogo yupo palepale, wamejenga kumzunguka. Kariakoo kinachodumu ni mtu na biashara yake. Ukuta ndio mpita njia.

Mkimbiaji ni mke wangu. Ni mwenyekiti wa klabu ya jogingi ya mtaani kwetu, moja ya zile ambazo Jumamosi alfajiri hupita barabarani kwa mistari miwili, sare moja, bendera mbele, wanaimba mchakamchaka mpaka waliolala wanaamka na hasira. Aliianzisha yeye na wenzake wanne, wauza vitenge, walipoona magoti yanaanza kugoma kwa kukaa. Siku hizi wako thelathini na kitu, wanaume wamo, na wanaume wakiingia kwenye kitu, wiki ya pili wanauliza mbona hawakiongozi. Katibu, muuza spea za pikipiki mwenye mapaja kama nguzo za umeme, alikuwa ameanza kusema vikaoni, kwa upole wa kuudhi, kwamba klabu imekua na inahitaji mwenyekiti anayeweza kuitoa kwenye lami. Yeye alisoma Morogoro, alisema, milima anaijua.

Mke wangu akajibu kwamba kuitoa lami hata yeye ataitoa. Akatangaza safari: Jumapili, klabu nzima, njia ya msituni kwenye milima ya Uluguru, kupanda mpaka kwenye maporomoko ya maji na kurudi kijijini kabla ya saa sita. Jumamosi inayofuata ulikuwa uchaguzi. Safari ikiharibika, alisema mbele yao wote, hagombei tena. Nilikuwa nimekaa pembeni namsubiri tuondoke, nikamwona ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ile klabu kwake si mbio. Ni kitu pekee alichokianzisha ambacho hakuna mtu wa nyumbani aliyemsaidia, mimi nikiwa wa kwanza katika wasiosaidia.

Akatakiwa mtu wa kutangulia kuipima njia. Katibu alijitolea. Mke wangu akasema hapana, ataenda mume wake, Kariakoo nzima hakuna anayeelekeza kama yeye. Wakacheka sana. Katibu akaniangalia tumbo, kisha usoni.

"Shemeji, kule hakuna viti."

Nikaenda Ijumaa. Treni ya umeme ilinifikisha Morogoro karanga zangu hazijaisha, nikapanda bodaboda mpaka kijijini. Ofisi ya kijiji wakanipa kibali na mwenyeji, mkulima wa tangawizi mwenye maneno machache na hatua ndefu. Jinsi nilivyopanda sitaeleza. Yapo mambo mtu huyaacha mlimani. Njia ni nyembamba kama mkanda wa suruali. Inapita katikati ya migomba na maharage, halafu mashamba yanakoma na msitu unaanza ghafla, kama mtu kakufungulia mlango wa chumba cha baridi. Mizizi imetambaa chini kama nyaya kwa fundi redio. Na kila baada ya muda, njia panda, wala si njia panda yenye adabu: njia moja inazaa tatu, zote zinafanana, zote zimekanyagwa.

Nikatoa daftari, nikafanya kazi yangu kama ninavyoijua. Njia panda ya kwanza, mama anayechambua maharage mbele ya kibanda, kata kulia kwake. Ya pili, mbuzi wawili weupe wanakula majani, pita upande wa yule mkubwa. Ya tatu, mizigo mitatu ya kuni imeegeshwa kwenye mti, shuka kushoto. Mwenyeji alinitazama nikiandika. Akaniuliza Jumapili aje atutangulie? Kanisa angeenda misa ya pili. Nikamwambia asihangaike, njia nimeshaishika. Alifungua mdomo aongeze neno, nikamwahi kwa kumshukuru.

Jumamosi jioni klabu ilipowasili kijijini nikawasomea daftari lote kwa sauti, nimesimama. Wakanipigia makofi. Mke wangu hakupiga, alinitazama tu, na kwa jinsi alivyonitazama nililala usingizi mzuri.

Jumapili alfajiri wakaanza kama wanavyoanza barabarani: mistari miwili, bendera, wimbo. Njia ikakataa. Inapokea mtu mmoja kwa mara moja, kwa hiyo mistari miwili ikawa mmoja mrefu, mbele wanaimba ubeti ambao nyuma walishaumaliza. Mimi nilikuwa mkia. Njia panda ya kwanza nikawakuta wamesimama wananisubiri. Kibanda kipo, mlango umefungwa, mama hayupo. Nikasema kwa heshima zote kwamba ameenda kanisani, lakini kibanda ni chake, tukate kulia. Tukakata.

Ya pili haikuwa na kibanda wala mama. Wala mbuzi. Njia tatu, na mavi ya mbuzi kwenye zote tatu, kwa usawa wa haki. Nikalifungua daftari nikalisoma tena, kana kwamba mbuzi wangetokea kwenye maandishi.

"Shemeji," katibu aliita kutoka juu ya jiwe, "kwani hawa watu wako Jumapili hawafungui?"

Walicheka, ila kwa wasiwasi. Ukungu ulikuwa unashuka. Nikajitazama mimi mwenyewe pale, mtu mzima aliyekwenda kwenye mlima uliosimama tangu dunia iumbwe, akaandika mbuzi. Jabali alilosimamia katibu lilikuwepo Ijumaa, sikuliandika. Jabali kwangu lilikuwa kama ukuta, kitu cha kupita.

Sasa, mdomo wa Kariakoo haujui kusema sijui. Mteja akiuliza kitu usichonacho unamwambia kipo, kaa hapa, halafu unakimbia kwa jirani. Mdomo wangu ulishafunguka kusema kushoto. Mke wangu akashuka mstari wote mpaka nilipo, akasimama karibu, akanena chini chini.

"Usinijibu kama mteja. Unaijua au huijui?"

Nyuma yake walikuwa watu thelathini na wawili, na mbele yao msitu. Nilijua nikisema ukweli nini kinamwangukia Jumamosi.

"Siijui," nikasema.

Akawageukia wenzake akawaambia kwamba njia iliyoandikwa imeishia hapa, na yeye pia haijui; aliyesoma Morogoro na aje mbele. Katibu aliinama kukaza kamba za viatu, akazikaza muda mrefu sana. Baadaye alikuja kukiri kwamba milima aliijua kutokea dirishani mwa darasa.

Hapo ndipo waliposhuka akina mama watano, mikungu ya ndizi kichwani, wanakwenda zao. Klabu ilikuwa imeziba njia kama foleni ya mchana. Mke wangu akaamuru wote wapande pembeni, waingie kwenye majani, wenye mizigo wapite kwanza. Akawaamkia. Yule wa mbele akaitikia, akatutazama sare zetu.

"Mnafukuzwa na nani?"

Akaelezwa. Hakuonekana kuridhika, lakini mke wangu alipomwuliza njia alijibu bila kutua mzigo. Maji yawe mkono wa kushoto mkipanda. Mkiacha kuyasikia, mmepotea, rudini mpaka muyasikie. Mke wangu akauliza kama wanaweza kuwahi kurudi kabla ya saa sita. Mama akatupitishia macho mmoja mmoja, yakakoma kwangu.

"Bila huyu, mtawahi."

Mwenyekiti akatoa amri mbili. Ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko mlima: hakuna kuimba. Klabu isiyowahi kukimbia hatua kumi bila kiitikio ikaambiwa ifunge midomo ili isikie maji. Ya pili ilikuwa yangu. Nikae pale njia panda, nisiondoke hata kwa haja, ili wakishuka wajue ndipo pa kukunja. Wakaondoka mmoja mmoja, viatu tu vinasikika, kisha hata viatu havikusikika. Nikakaa juu ya mzizi. Dakika ya kwanza sikusikia kitu, lakini nilipotulia nami nikayasikia, maji, mbali, upande wa kushoto. Ijumaa yote yalikuwa yananguruma na mimi nimeinamia daftari.

Nilikaa pale muda wa kutosha kufikiri mabaya yote. Mtu kaanguka, mtu kavunjika, klabu nzima imetokea wilaya nyingine. Walipotokea, walitokea bila sauti, mmoja mmoja, wamelowa mpaka nyusi, na kila aliyepita alinigusa bega kama mtu agusavyo mlango wa kwao. Mke wangu alikuwa wa mwisho. Alikuwa anahesabu watu. Saa tano na dakika arobaini tulikuwa kijijini, kanisa linatoka, na mkulima wa tangawizi akatuona, akanipungia mkono, akawa muungwana wa kutouliza kitu.

Uchaguzi ulifanyika Mnazi Mmoja, baada ya mbio, wamekaa kwenye nyasi. Mimi si mwanachama, nikasimama mbali kidogo na mabegi yao. Katibu akasimama akasema ukweli: mwenyekiti aliweka usalama wa watu mkononi mwa mume wake, na mume wake aliandika mbuzi. Mke wangu hakubisha. Akasema kosa la kumchagua lilikuwa lake, na kuanzia sasa njia ya mlima itapimwa na mtu wa klabu pamoja na mwenyeji, na mwenyeji huyohuyo atatangulia siku ya mbio. Kisha akasema kwamba anagombea. Akauliza nani mwingine.

Hakuna aliyesimama. Mikono ikanyooshwa, nikaihesabu kutoka kule nilikosimama, nikakosea, nikaihesabu tena. Wa katibu ulikuwa wa mwisho kuinuka, lakini uliinuka mpaka kwapa likaonekana.

Alinijia akiwa anajifuta jasho kwa kona ya kanga. Nikampa mkono rasmi, nikamwambia hongera mwenyekiti. Akaupokea, hakuuachia, na mkono mwingine ulikuwa umeshika daftari la wanachama.

"Jumamosi unaanza mazoezi," akasema. "Mwanachama akiniangusha namfukuza. Mume nitamfanya nini?"

Nikamwambia nitafikiria. Alikuwa ameshaniandika.