Khitma ya Mihogo

Shukrani ni zake Mola aliyeupa Mto Rufiji maji, akaupa na kingo, ingawa kila baada ya miaka kadhaa mto huamua kuzisahau. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyeishi kwa kidogo bila kunung'unika. Mimi niliishi kwa kidogo msimu mmoja tu, nikanung'unika kwa niaba ya kijiji kizima.

Msimu huo mafuriko yalipita katika shamba letu la Mbuchi mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke. Maji yalipoondoka, tulivuna cha kula kwa kubana, na gunia moja la mbegu. Mke wangu alilileta gunia hilo hapa nyumbani Kibiti, akalipandisha kwenye uchaga juu ya mafiga ili moshi ufukuze wadudu, akalifunga mdomo kwa kipande cha kanga yake kuukuu.

"Hili ndilo shamba letu," akasema. "Likiisha hili hatuna shamba, tuna tope."

Mimi ni mwalimu wa madrasa. Jambo likinifika, kwanza hulitolea darsa. Nikakaa barazani nikaandika maagizo ya kubana matumizi ndani ya nyumba. Yalikuwa saba. Sita yalimhusu mke wangu, la saba liliwahusu kuku. Kuni zitolewe mafigani chungu kikishaiva. Ukoko uliwe, usibanduliwe ukatupwa. Machicha ya nazi yaanikwe. Maji ya kuoshea mchele yamwagiwe mchicha. Na kadhalika. Nikamsomea kwa sauti ya mimbari. Alinisikiliza huku akichambua dagaa, kisha akauliza:

"Na la kwako ni lipi, Maalim?"

"Mimi ndiye msimamizi."

"Ahaa. Basi anza kuisimamia ndoo yako."

Ndoo aliyoisema ni ile ya udhu. Nina wasiwasi katika udhu, Mola anisamehe. Naosha mkono mara tatu, naingiwa na shaka kwamba ni mbili, naanza upya. Miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu kwamba israfu ni haramu hata kwa aliyesimama kando ya mto, nami kila swala nilimaliza ndoo nzima ya maji ambayo mke wangu aliyafuata bombani kwa madumu.

"Unatawadha au unazama?" akaniuliza. "Mafuriko yalitujia mara moja. Wewe unatuletea mara tano kwa siku."

Siku ya pili nilikuta ndoo haipo. Mahali pake palikuwa na kopo la maziwa ya unga, na chini yake beseni la kukingia maji yanayodondoka, yapelekwe kwenye mchicha. Wiki ya kwanza nilihisi kama nusu ya miguu yangu haina udhu. Wiki ya tatu nilikuwa nimezoea. Mchicha nao ulinenepa, na mke wangu akawa akiupakua anasema, "Kula, Maalim, hizi ndizo sunna zako."

Basi tukaenda hivyo, tukila ukoko, tukiokoa vijinga vya kuni, gunia likiwa salama juu ya moshi wake. Nilianza hata kujiona mtu wa zuhudi. Ndipo ukafika mwezi wa Rajab, na khitma ya mama yangu.

Kila mwaka mwezi huo namsomea marehemu mama khitma, watu wakala pilau. Na hapa ni lazima nieleze ugonjwa wetu, kwa sababu hospitali hawautibu. Kwetu sinia likirudi jikoni tupu, mwenye shughuli huona aibu kama mtu aliyedondokwa na msuli sokoni. Ndiyo maana wali hupakuliwa kilima ambacho watu sita hawawezi kukimaliza. Nao wageni, ili wasionekane walafi, huacha robo ya kilima. Robo hiyo huliwa na mbuzi. Kwa hiyo ukichunguza sana utaona kwamba khitma zetu tunawasomea wazee wetu, lakini wanaoshiba ni mbuzi wa jirani.

Jirani mwenyewe ni mfanyabiashara wa nazi, naye mwezi uliotangulia alikuwa amefanya khitma ya baba yake. Masinia yalirudi na kilima kizima. Mbuzi wake walilala mchana wakihema. Yeye alisimama mlangoni akiyatazama masinia yale kwa furaha, akaniambia, "Unaona, Maalim? Baraka hizo."

Maneno yale yaliniingia moyoni kama mwiba wa samaki. Nikajiambia, robo gunia tu. Nikajiambia, ni sadaka ya mama, na Mola hamwachi atoaye. Mtu akitaka kufanya upuuzi, dini yake humpa ushahidi wa haraka sana. Mke wangu alipokwenda kisimani kufua, nikapanda kwenye kigoda, nikafungua lile fundo la kanga, nikajaza mfuko, nikafunga tena, nikaenda mashineni kukoboa.

Palikuwa na foleni ya wanawake. Mbele yangu alikaa bibi mmoja wa Ruaruke, rafiki wa marehemu mama tangu usichana wao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Maalim. Umeleta nini?"

"Mpunga tu."

Alitia mkono kwenye mfuko wangu bila kuomba ruhusa, akatoa ukufi, akaunusa. Akaninusa na mimi.

"Mpunga tu haukai moshini," akasema. "Hii mbegu."

Foleni nzima ikageuka. Mwenye mashine naye akaizima, ili asipitwe.

"Ni kwa ajili ya khitma ya mama," nikasema kwa sauti ndogo.

"Na mvua zikija mtapanda nini? Pilau?"

Walicheka mpaka mmoja akakalia tenga la mwenzake. Yule bibi hakucheka.

"Mama yako mwaka wa njaa tulikula naye ndiga," akasema, "kile kiazi cha porini, usipokiloweka siku kadhaa kinakuua. Alikuwa anakulowekea wewe ule, na gunia la mbegu liko juu ya kichwa chake, hakuligusa. Leo unataka kumsomea Kurani kwa mbegu iliyokobolewa? Mrudishie mke wako mbegu yake, mwanangu. Aibu ya sinia tupu inaisha kesho. Mbegu ikishakobolewa haioti."

Nilirudi na mfuko wangu mgongoni. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kile kigoda, chini ya uchaga.

"Fundo langu lina masikio mawili," akasema. "Hili la leo lina moja."

Nikamweleza yote, pamoja na ile habari ya pilau, kwa sababu nilijua ingemfikia kabla ya adhuhuri. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akairudisha mbegu, akafunga masikio mawili, akasema, "Khitma tutasoma. Mihogo ipo, nazi zipo, kamba wakavu wapo. Mama mkwe wangu hakuwa na maringo. Wewe sijui umeyatoa wapi."

Watu walikuja, tukasoma, tukadua. Masinia yakatoka na mihogo ya nazi, kiasi cha kuliwa. Jirani yangu akaitazama, akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote: "Maalim, mbuzi wangu wananiuliza shughuli ni saa ngapi. Niwajibu nini?"

"Waambie wakale majani," nikamjibu. "Mama yangu alikuwa hawajui."

Alikula, na mke wangu alimwona kwa nyuma ya pazia akifuta mchuzi sinia zima kwa kidole. Masinia yalirudi jikoni tupu. Nilisubiri nife kwa aibu. Nilichosikia ni njaa kidogo tu, maana na mimi sikuwa nimeongezwa. Kwa miezi miwili watu waliniita Maalim Mihogo, na wapo ambao hawajaacha.

Mvua zilipoanza tulikwenda Mbuchi na gunia zima, tukapanda, ikabaki mbegu kidogo. Mpunga ulikuwa umefika magotini jirani alipobisha hodi. Alikuwa na kijishamba huko huko deltani, nusu yake bado haina kitu, na mbegu yake ilikuwa imeisha. Hakusema imeisha wapi. Sote tulikuwa tunawafahamu mbuzi wake.

Nilitaka kumtolea darsa. Nilikuwa nalo tayari, refu, lenye dalili. Mke wangu akanitazama jicho moja, nikainuka kwenda kutawadha, ili nisicheke mbele ya mgeni. Kwa kopo moja. Niliporudi alikuwa amemkabidhi mbegu iliyobakia, imefungwa kwenye kitambaa, fundo masikio mawili.

"Usiifungue mpaka shambani, jirani," alikuwa anamwambia. "Na mashineni usipite. Yupo bibi pale ananusa."

Nawe unayesoma, Mola akutilie baraka katika chungu chako kisijae mpaka kikamwagika wala kisikauke mpaka kikaungua, akupe wa kukucheka kabla hujakoboa mbegu yako, na awarehemu wazee wako hata kwa sinia tupu. Amin.