Upepo Juu ya Mabehewa

Stefka Woloshyn, dada wa mke wangu, alifungua mifuniko ya mabehewa ya ngano kwa miaka kumi na tisa. Kazi yenyewe ni kupanda ngazi, kutembea juu ya mgongo wa behewa, kufungua mifuniko kwa mtaimbo, kisha kunipungia mkono mimi niliye chini nimwage nafaka kwa bomba la ghala. Katika uwanda wetu wa Saskachewani, jimbo la baridi kali, hakuna mlima wala mti wa kuuzuia upepo.

Msimamizi wetu, Dwight Pelech, alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Yeye na Stefka hawakupatana tangu siku ya kwanza. Dwight alimwita "bibi" mbele ya watu, kwa makusudi, na Stefka alimwita "kijana" kwa makusudi yale yale.

Jumanne moja ya Januari upepo uliamka na hasira. Mabehewa yalikuwa ishirini na sita. Baada ya matano Stefka alishuka, nami nikaona doa jeupe kwenye shavu lake, mfano wa nta.

"Shemeji, shavu limekufa ganzi," nikamwambia. "Ingia ndani."

Akaingia ofisini, nami nyuma yake. Dwight alikuwa anakunywa kahawa kando ya hita.

"Umemaliza, bibi?"

"Sijamaliza. Kwa upepo huu huko juu tupande kwa zamu, dakika kumi kumi."

Dwight akaelekeza kidole kwenye kipimajoto nje ya dirisha. "Kumi na nane chini ya sifuri. Wiki iliyopita ilikuwa ishirini na tano na ulifanya kazi. Au leo umezeeka?"

"Wiki iliyopita hakukuwa na upepo. Redio imesema kwa mwili leo ni kama thelathini na tatu."

"Redio haifungui mabehewa. Upepo haushushi kipimajoto hata nukta moja. Bisha."

"Sibishi. Kipimajoto hakina damu. Mwili unajipasha joto kidogo juu ya ngozi, upepo unakuja unalipora. Mwili unalitengeneza tena, upepo unalipora tena. Supu yako unaipulizia nini, kijana, kama kupuliza hakupozi?"

Nikacheka. Nilikosea, maana Dwight alisimama.

"Kama unaogopa, nenda nyumbani, na kesho usirudi."

Stefka akauweka mtaimbo juu ya meza yake, katikati ya karatasi. "Panda wewe."

Alipanda, kwa kiburi tu, bila skafu, amevaa kofia ambayo haikufika masikioni. Tulimtazama kupitia dirisha. Behewa la kwanza alikwenda kama jogoo. La pili akaanza kuupa upepo kisogo. La tatu alikwenda ameinama. Aliuangusha mtaimbo mara mbili kwenye la nne, kisha akashuka.

Alipoingia, sikio lake la kushoto lilikuwa jeupe na gumu. Akainua kiganja kulisugua.

"Usisugue," Stefka akasema bila kunyanyuka kitini. "Utaichuna ngozi. Lifunike kwa mkono tu."

"Sijakuuliza."

"Najua."

Damu iliporudi, Dwight alikunja uso na machozi yakamtoka. Kesho yake sikio lilivimba malengelenge. Mabehewa yaliyobaki tuliyajaza Alhamisi, upepo ulipotulia.

Hakuomba radhi. Wiki ile ile alimhamisha Stefka kwenye kufagia ghala, penye vumbi la kukohoza, akasema anamhurumia umri wake. Stefka alifagia hadi Aprili, akaacha kazi, akaenda kupika shuleni. Msimu wa baridi uliofuata, kwa mabehewa, Dwight aliandika amri ya zamu za dakika kumi siku za upepo, akaibandika mlangoni kwa jina lake mwenyewe.

Mke wangu alipomsimulia habari hiyo, Stefka aliendelea kukata vitunguu.

"Ajiandike," akasema. "Mradi watu wanashuka."