Lori la Sebuleni

Ukimkuta Alfonce Chilongani ameketi sebuleni kwake Zuzu, Dodoma, usimsalimie kabla hajasimamisha gari, maana hatakuitikia. Macho yako kwenye skrini, mikono miwili imeshika usukani wa plastiki uliofungwa kwenye meza ya kulia chakula, mguu wa kulia uko kwenye pedeli, na wa kushoto, ule mbovu, umenyooshwa juu ya stuli. Yuko safarini. Ana mzigo nyuma na mteremko mbele, na dereva anayejiheshimu hapungii watu mkono kwenye mteremko.

Alfonce ameendesha malori tangu alipoanza kunyoa ndevu. Alianza kwa kubeba mahindi ya Mlali kuyapeleka sokoni Kibaigwa, halafu matajiri wakamwona anafaa, wakampa magari makubwa na safari ndefu, Singida, Shinyanga, Mwanza. Alikuwa dereva hodari. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na asiyelijua aliambiwa. Kisha siku moja pale Kibaigwa, lori limesimama, injini imezimwa, yeye amejiegemeza kivulini anapiga soga na dalali, rundo la magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa kupita kiasi, likaporomoka na kumlalia mguu. Madaktari waliunga goti, lakini halikukunjika tena.

"Ningepinduka mlima Sekenke, watu wangenielewa," huwa anasema. "Lakini mahindi? Mahindi, jamani?"

Goti lilimuuma, ila kukaa ndiko kulikommaliza. Mtu aliyezoea kuamkia mkoa huu na kulala mkoa ule, leo kazi yake ni kusogeza kiti kufuata kivuli cha nyumba. Akawa mkali kwa kuku. Ndipo mwanawe Joel, anayefanya kazi Dar es Salaam, akamletea kompyuta yake ya gemu, pamoja na usukani, pedeli na mchezo wa kuendesha malori. Lilikuwa kasha kubwa jeusi lenye kioo ubavuni, na humo ndani taa za rangi zinawaka kama duka la simu. Joel alihamishia klachi kwenye kitufe cha usukani, ili mguu mbovu upumzike.

Siku ya kwanza Alfonce alicheka, akasema hayo ni mambo ya watoto. Siku ya pili chakula cha mchana kilipoa mezani.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa halali. Mkewe, Raheli, ni muuguzi, na mwaka ule alikuwa zamu ya usiku. Alirudi asubuhi macho yamevimba, akaoga, akala kidogo, akaingia chumbani kulala. Nyumba yao haina dari ya ndani. Ukuta kati ya sebule na chumba unaishia chini ya bati, na sauti yoyote ya sebuleni hupanda, ikagonga bati, ikashukia kwenye mto wa Raheli. Na kompyuta ile ilikuwa na sauti. Mchezo wenyewe Alfonce aliusikiliza kwa spika za masikioni, lakini feni hazivai spika. Gari likiingia mjini kwenye skrini, zile feni zilipiga kelele kama zinaidai nchi kitu.

Raheli alipolalamika mara ya kwanza, Alfonce alipandisha mabega. Joto? Nani wa kumfundisha yeye habari za joto? Aliyepandisha Sekenke saa saba mchana na injini isichemke? Dereva wa zamani anajua dawa: gari likichemka, fungua boneti. Akakitoa kile kioo cha ubavuni na kukiegemeza nyuma ya kochi. Halafu akatazama feni, akaona ya nyuma inatupa upepo nje badala ya kuuingiza ndani. Alimsikitikia aliyeifunga. Akachukua bisibisi, akaigeuza. Sasa feni zote, za mbele na ya nyuma, zilivuta upepo ndani, naye akapangusa mikono kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi.

Kwa siku chache mambo yalikuwa mazuri, au Alfonce alitaka kuamini hivyo. Kisha pepo za kiangazi zikaanza, zile za Dodoma zinazookota vumbi shambani na kuligawa nyumba kwa nyumba bila ubaguzi. Kioo kipo nyuma ya kochi, kasha liko wazi, na feni zote zinavuta ndani. Hata mimi ninayesimulia, nisiyejua kufunga hata balbu, ningeweza kumwambia. Lakini Alfonce alipokuwa na uhakika na jambo, hakuambilika. Kompyuta ikazidi kunguruma, naye akazidi kusema ni umeme mdogo.

Hadi asubuhi ile Raheli alipoingia na sare yake, asiende kuoga. Alisimama mbele ya skrini, na Alfonce akalisimamisha lori.

"Baba Joel, usiku nilichukua sindano ya mgonjwa mwingine."

"Unasema?"

"Nilikuwa nimeshamshika mama wa watu mkono. Mwenzangu ndiye aliyenizuia. Dawa haikuwa yake." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hicho ndicho kilichomtisha Alfonce. "Mimi silali. Nikilala, ile kitu inaniamsha. Nikisinzia tena, inaniamsha tena. Siku moja nitaua mtu, Baba Joel."

Alfonce akaondoa mguu kwenye pedeli.

"Joel anakuja Jumapili," Raheli akasema. "Kama bado inanikatisha usingizi, aondoke nayo. Sitaki tugombane. Nataka kulala."

Akaenda kuoga. Alfonce alibaki ameshika usukani wa gari lililosimama, akaogopa mara mbili: kwanza kwa ajili ya yule mama wa sindano na kwa ajili ya Raheli, na pili, aibu kuisema, kwa ajili yake mwenyewe. Alikiona kile kiti kikirudi kivulini. Alijiona anawafokea kuku. Akaizima kompyuta, akapiga moyo konde, akapiga na simu.

Suleiman ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta Majengo, mjini. Lakini kabla ya hapo alikuwa utingo wa Alfonce, miaka ya kulala chini ya lori na kufukuzana na magurudumu ya akiba, kwa hiyo alipoitwa alikuja alasiri ileile, Raheli akiwa ameshaamka na kutoka, na begi lake la vifaa.

"Shikamoo, dereva."

"Marahaba. Gari linachemka."

Suleiman aliinama kutazama ndani ya kasha, akainuka, akamtazama bosi wake wa zamani, akainama tena. Feni zilikuwa zimevaa manyoya ya vumbi jekundu. Kwenye mapezi ya kupoozea prosesa vumbi lilikuwa limeshindiliwa kama mkeka.

"Dereva, hapa ungeotesha uwele."

"Nilifungua boneti ipumue."

"Na hii ya nyuma nani kaigeuza?"

Alfonce akakohoa. "Upepo unatakiwa uingie."

"Uingie, halafu ukalale wapi?" Suleiman alicheka mpaka akakaa chini. "Lori linakimbia, dereva. Upepo unaingilia kwenye rejeta mbele, unatokea chini, barabara yenyewe inakusaidia. Hii kitu imesimama mezani. Usipoitolea joto nje, feni zinazungusha moto uleule, zinakimbia na hazifiki."

Mtu mwingine angenuna. Alfonce alitafakari kidogo, akaona hoja inasimama, akasema, "Sawa, geuza," kwa sauti ileile aliyokuwa akiamrisha nayo jeki. Waliipeleka kompyuta uani, wakaipuliza kwa blowa, vumbi likaondoka na upepo kwenda kwa majirani. Suleiman alibandua dawa ya joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Feni za mbele zikavuta, ya nyuma ikatoa. Kioo kikarudi mahali pake, na wavu wa mbele ukafunikwa kwa kipande cha soksi ndefu ya kike, nyepesi, ya kuzuia vumbi. Soksi ilitoka kwenye kabati la Raheli, na Alfonce aliamua kulieleza hilo siku nyingine.

Walipoiwasha, kelele ilikuwa imepungua hata ukaweza kusikia kuku nje. Alfonce akamtangazia mkewe kwamba shughuli imekwisha.

Kesho yake Raheli alitoka chumbani adhuhuri, kanga begani, macho mekundu.

"Imepungua?" Alfonce akauliza.

"Imepungua sana. Asante, mume wangu." Akajimiminia maji. "Lakini bado inaniamsha."

Hapo Alfonce alitaka kukasirika. Treni inapita pale nyuma ya nyumba, inapiga honi, Raheli hageuki hata ubavu! Sasa kimashine kinachovuma kama nyuki kinamwamshaje? Alifungua mdomo amwambie hivyo, kisha akaufunga, kwa sababu lilikuwa swali zuri na alitaka kulijibu mwenyewe.

Jumamosi, Raheli alipotoka kwenda mazoezi ya kwaya, alimwita Suleiman tena, akamkalisha kwenye usukani.

"Endesha. Ingia mjini, toka, ingia tena."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kulala."

Akaingia chumbani, akajilaza upande wa Raheli, akafumba macho. Kwanza alisikia mvumo tu, hauna ubaya. Halafu ukapanda ghafla, viiii, ukashuka. Ukatulia. Ukapanda. Ukashuka nusu, ukapanda tena. Alfonce akajikuta amekunja uso. Aliijua sauti hiyo. Ni sauti ya dereva mwanafunzi kwenye mlima, anayeruka kutoka gia hii kwenda ile kwa sababu injini imemtisha.

Akamkumbuka Raheli alipokuwa bibi harusi wa Mlali, amefuatana naye safari ya Mwanza, amelala kwenye kile kitanda cha nyuma ya siti. Injini ya lori lile ilinguruma mpaka meno yanatetema, na mtoto wa watu alilala kama amepewa dawa. Kilichomwamsha ni gia. Ukibadilisha gia vibaya, anashtuka. Ukisimama kwenye mizani ya barabarani, anafungua macho na kuuliza mko wapi. Alfonce, kwa mapenzi ya siku zile, alijifunza kupanda milima yote kwa kubadilisha gia polepole, kwa kulisikiliza gari, ili nyuma ya siti kusikatike usingizi. Yeye hakuwahi kumwambia, na Raheli hakuwahi kuuliza.

Akatoka chumbani anachechemea kwa haraka.

"Suleiman! Hizi feni nani anaziambia zipande na kushuka?"

"Kompyuta yenyewe. Joto likipanda, zinakimbia. Likishuka, zinapoa."

"Ikataze. Zote ziende mwendo mmoja, wa katikati. Zisipande, zisishuke."

Suleiman akakuna kichwa. "Dereva, wateja wangu wote wanataka ikae kimya ikiwa haina kazi. Wewe unataka ivume muda wote? Na ukiingia mjini, picha zikiwa nyingi, mwendo wa katikati hautatosha. Itachemka."

"Basi punguza mzigo. Hizo picha ziende taratibu, hata vivuli vya miti ondoa. Mimi natazama barabara, sitazami miti." Akagonga meza kwa kidole. "Gia moja, Suleiman. Mzigo wa wastani, gia moja, mpaka mwisho wa safari."

Suleiman alijua sauti hiyo, na alijua pia kwamba ikitoka hivyo huwa imepatia. Akaingia kwenye mipangilio. Akaweka kikomo cha picha, akapunguza urembo, akazifunga feni mwendo mmoja, isipokuwa joto likifikia hatari ndipo zijitetee. Alfonce akaendesha jioni nzima huku Suleiman anaangalia kipimo cha joto. Kilipanda kidogo, kikakaa hapohapo. Na ule mvumo ulikuwa mmoja, mnene, usiotikisika.

Jumapili asubuhi Raheli alirudi kutoka kazini. Hakuuliza kitu. Alioga, akaingia chumbani, na Alfonce akawasha kompyuta. Akapakia mzigo. Akaondoka.

Aliendesha kama hajawahi kuendesha. Alipita miji, alipanda milima, alishuka. Mvumo ulikuwa uleule. Chumbani palikuwa kimya. Adhuhuri ikapita na Raheli hajatoka. Jua likahamia upande wa pili wa nyumba, miguu ya kuku ikagonga bati, treni ikapita, na Raheli hajatoka. Alfonce hakusimama hata kunywa maji.

Joel alifika alasiri kutoka stesheni, amebeba kwapani lile boksi la kompyuta lililokunjwa, maana mama yake alikuwa amemwambia kwenye simu aje nalo. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Mara hii Alfonce aliegesha lori. Alilitazama boksi, akamtazama mwanawe, akaona si adabu kumpokea mgeni wa mbali mashine inavuma. Akabonyeza kitufe. Taa za rangi zikazimika, feni zikazunguka mara za mwisho, na nyumba nzima ikanyamaza.

Chumbani kitanda kikalia. Kisha juu ya ukuta, chini ya bati, ikaja sauti ya Raheli, nzito, bado imo usingizini, changa kuliko umri wake.

"Baba Joel. Tumefika?"

Joel alimgeukia baba yake, hajaelewa. Alfonce alikuwa ameinamisha uso.

"Bado, mama. Lala."

Akanyoosha mkono, akaiwasha tena. Feni zikaanza, zikafika mwendo wao, zikabaki hapo. Walisubiri, baba na mwana, mpaka kitanda kilipotulia. Ndipo Joel alipolitoa boksi kwapani, akalipeleka taratibu nyuma ya kochi, akavuta kiti kando ya baba yake.